Bi Mdogo wa Nyuma ya Jiko

Ukimwuliza dada yangu anafanya kazi gani, atakujibu kwa ufupi: "Naitia kahawa ugonjwa." Halafu atakutazama unavyojaribu kucheka. Hatanii. Analipwa mshahara, ana koti la buluu na viatu vya mpira, na kila asubuhi anaingia katika chumba kimoja cha kituo cha utafiti kwenda kuua miche ya mbegu ambazo wakulima walizileta kwa matumaini.

Nyumbani kwetu hatukulielewa jambo hili kwa miaka mingi. Marehemu mama aliwaambia wageni kwamba binti yake ni daktari wa kahawa, na dada hakuwahi kumsahihisha mbele za watu. Baba alikuwa na lake: alisema wakubwa wamekosa kazi za kuwapa watoto wa watu. Mimi nilijua kidogo zaidi yao, kwa sababu nilikuwa nikipita kumsalimu kazini, ila siku ya kwanza kukiona kile chumba nilitoka nje haraka. Kilinikumbusha wodi ya wagonjwa mahututi.

Ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, na vioo vya madirisha vimepakwa chokaa ili jua lisipenye. Ukutani kuna mashine ya kupoza hewa inayokoroma mchana kutwa, maana ugonjwa wenyewe unapenda baridi na unyevunyevu. Mezani zimepangwa trei za plastiki zenye vifuniko, na ndani yake mna mchanga uliochemshwa kwenye pipa mpaka usibaki na uhai wa aina yoyote. Humo ndimo mbegu za kahawa huoteshwa. Mbegu ya kahawa haina haraka. Hukaa mchangani wiki nyingi, kisha huinuka taratibu na kusimama kama njiti ya kiberiti, ganda bado likiwa kichwani na majani hayajafunguka. Hapo ndipo dada huja na chupa yake ya kupulizia.

Ndani ya chupa kuna maji yaliyochanganywa na vimelea vya chulebuni. Kwa asiyeujua, huo ni ugonjwa unaoozesha buni ikiwa bado changa mtini. Unaanza na kidoa cheusi, kidoa kinatanuka, na kabla mkulima hajamaliza kulalamika tawi limebaki na vipande vilivyokauka visivyofaa kitu. Dada anazipulizia njiti zote, anafunika, anaondoka. Wiki kadhaa baadaye anafunua. Mche wenye kinga utakuwa umesimama na shina la kijani. Usio na kinga utakuwa umeoza kiunoni, umekatika, umelala mchangani.

"Nikingoja mti uzae ndipo nijue kama una kinga, nitangoja miaka," aliwahi kuniambia. "Heri mche ufe hapa kwangu kuliko shamba la mtu kufa huko."

Ile inayopona ndiyo inayochukuliwa na watafiti wakaizalisha na nyingine, ipatikane kahawa yenye kinga, yenye kuzaa na yenye ladha ambayo mnywaji hataitema. Kazi hiyo haiendi kwa pupa. Aina moja ya mbuni inaweza kumaliza ujana wa mtafiti na kumkabidhi kwa mwingine. Kwenye korido ya kituo kuna picha ya mzee aliyeanzisha aina ambayo sasa inagawiwa wakulima. Alizikwa kabla haijatoka getini. Dada hupita mbele ya picha hiyo kila siku na ndoo yake ya mchanga, na aliniambia huwa anamsalimu kimoyomoyo, maana mtu aliyepanda asichovuna anastahili salamu.

Ana desturi moja ambayo wenzake waliipinga, kisha wakaizoea. Mbegu za mkulima zikifa, dada hampigii simu kumweleza. Anamwita aje. Anasema habari ya msiba haitupwi kwenye simu kama salamu za jioni. Mwenye mbegu akifika anapewa kiti, kisha dada anamfunulia trei na kumwonyesha mistari mitatu. Mstari mmoja wa pembeni ni wa aina dhaifu inayojulikana, ambayo ni lazima ife. Mstari wa upande wa pili ni wa aina yenye kinga, ambayo ni lazima ipone. Katikati ni mstari wa mkulima. Ile miwili ya pembeni anaiita mashahidi, kwa sababu mtu akianza kusema ameonewa, mashahidi wapo. Kuna walioondoka wakimshukuru, kuna waliomwita mchawi bila kupepesa macho, na mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alilia akaomba maji ya kunywa. Dada alimletea maji akakaa naye mpaka alipoweza kusimama.

Mimi ningeiacha kazi ile wiki ya kwanza. Yeye aliianza akiwa mwosha trei, akapanda taratibu mpaka akaaminiwa chupa, na sijawahi kumsikia akijisifu wala akijilalamikia.

Sasa nije kwa baba. Baba yetu alikuwa fundi mwashi. Nguvu zake zote alizimaliza kwenye nyumba za watu, mbali na kwake, akirudi mwisho wa mwezi na mfuko wa sukari na vumbi la saruji kwenye nyusi. Shamba lilikuwa mikononi mwa mama. Mgongo ulipomgomea baba, alirudi nyumbani moja kwa moja akajikuta mkulima, na kama walivyo waliochelewa kuingia katika dini, akawa na imani kali kuliko waumini wa zamani.

Nyuma ya jiko letu, kando ya jiwe la kufulia, kuna mbuni mmoja ambao mama aliupanda mwaka alioolewa. Mibuni ya shambani iliugua kila msimu wa mvua, na tusingeikogesha sumu kwa bomba la mgongoni tusingevuna kitu. Huu wa nyuma ya jiko haukupuliziwa hata tone. Mama hakutaka sumu karibu na sufuria zake. Hata hivyo, mwaka nenda mwaka rudi, ulibeba buni safi mpaka matawi yakainama. Baba aliupa jina la Bi Mdogo. Akirudi safari alipitia kwake kwanza, akapigapiga shina na kuuliza, "Hujambo, mke wangu?" Mama, mikono imejaa povu la sabuni, alijibu kwa niaba: "Hajambo, ila anasema matumizi hayatoshi." Tulicheka sana katika nyumba ile.

Mama aliugua muda mfupi akafariki. Baada ya hapo baba hakuutania tena mti ule. Alipokuwa akiutaja, alishusha sauti kama anayetaja urithi.

Haikupita muda, wakaja watu wa kampuni inayonunua kahawa yetu. Tuliitwa kwenye ghala la ushirika, tukakaa juu ya magunia. Walisema wateja wao wa mbali hawataki tena kahawa iliyokuzwa kwa sumu ile kali, na wamepima maji ya kijito chetu wakaikuta humo. Yule atakayeiacha watanunua kwake kwa bei nzuri na kwa mkataba wa miaka. Yule atakayeendelea, kila la heri. Na kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayeacha sumu huku mibuni yake inaugua, kampuni imelipia miche yenye kinga kutoka kituo cha utafiti, kile kile cha dada. Inatolewa bure. Sharti ni moja: kabla ya mvua kubwa uwe umechimba mashimo na kuyatia samadi. Usiye na mashimo hupewi mche.

Nilirudi nyumbani nikachukua jembe. Baba akanikuta kwenye kona ya shamba.

"Weka hilo jembe chini."

"Baba, mvua haimsubiri mtu."

"Na mimi simsubiri mtu aniletee mche. Kinga ninayo, nyuma ya jiko. Nachukua mbegu za Bi Mdogo, najaza shamba zima. Kwa nini ning'oe kahawa ya mama yenu nipande ya watu nisiowajua?"

"Na kama haina kinga?"

"Umewahi kuuona unaugua?"

Sikuwahi. Hapo ndipo alipokuwa ananishinda kila mara. Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, naye akaniambia yale ambayo mzazi anaruhusiwa kumwambia mtoto. Kibaya zaidi, alikuwa ameshagawa mbegu. Jirani yetu wa bondeni alizipata, na rafiki kipenzi wa baba tunayemwita Fundi Baiskeli alizipata nyingi zaidi, na wote wawili walikuwa wameshaotesha vitalu. Kizuri chajiuza, baba aliwaambia. Fundi Baiskeli aliamini mpaka akasimama mbele ya ushirika mzima na kusema jina lake lifutwe kwa wanaopewa miche ya kampuni.

Mwisho wa wiki dada alikuja. Alitusikiliza wote wawili, baba akianza, mimi nikidakia, mke wangu akitumiminia chai kimya kimya. Tulipochoka, dada alisema, "Baba, nipe mbegu zake."

Baba alitabasamu. Alidhani amepata wakili.

"Lakini unajua nitazifanya nini?" dada akauliza.

"Utazipima."

"Nitazitia ugonjwa, baba. Chulebuni ile ile. Kwa mkono wangu."

"Zitie," baba akasema. "Mtu asiye na hatia haogopi mahakama."

Wakakubaliana. Zikipona, shamba linapandwa Bi Mdogo, na kituo nacho kitapata mzazi mpya wa kuzalishia. Zikifa, baba anachimba mashimo kwa mikono yake, bila neno. Kiangazi kilikuwa bado kirefu, muda wa kuotesha na kupima ulitosha. Mimi nilikubali shingo upande, kwa sababu nilijua mti ule haujawahi kuugua na nilijiona nimeshashindwa.

Yaliyofuata chumbani mle dada alinisimulia baadaye. Siku ya kupulizia, mtafiti mmoja, mama aliye juu yake kazini, alimfuata akamwambia, "Hizi ni za kwenu. Mwachie mwenzako azipulizie." Dada alikataa. Alimwomba tu asimame pale aangalie.

"Kwa nini usimwachie?" nilimwuliza.

"Zikifa, baba atamchukia aliyeshika chupa. Mtu baki hatamsamehe. Mimi atanisamehe."

Alisema njiti zilikuwa zimesimama vizuri, zimenyooka, na alichofikiri ni mama tu, msichana mgeni katika nyumba ya wakwe, akichimbia mche kando ya jiwe la kufulia. Kisha alitikisa chupa, akapulizia upande huu, akageuza trei, akapulizia upande ule, sawa na alivyozipulizia za kila mtu.

Wiki zilipotimia, alinipigia simu. "Mlete baba," alisema. "Na avae koti, huku ndani kuna baridi."

Sikumwuliza zaidi.

Baba alivaa koti lake la sherehe na kunyoa ndevu. Getini alimwambia mlinzi kwamba binti yake ndiye anayemwita, kwa sauti ya juu ili wote waliokuwa pale wasikie. Mle chumbani dada alikuwa ameweka kiti. Baba alikitazama kile kiti.

"Wageni wote wanakaa?"

"Wote, baba."

Akakaa. Dada akafunua. Mstari wa dhaifu ulikuwa umelala wote, mweusi. Mstari wa wenye kinga ulikuwa umesimama. Wa katikati ulikuwa umelala. Nilitafuta hata mmoja uliosimama, nikapitisha macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikarudia. Hakukuwa na mmoja. Nilikuwa nimeyapata mashimo yangu, na sikufurahi hata kidogo.

Baba aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akauliza, "Nani alipulizia?"

"Mimi."

"Ulitikisa chupa?"

"Nilitikisa."

"Zote sawa?"

"Watazame mashahidi, baba."

Aliwatazama. Alikuwa mwashi, anajua kupima kwa jicho, na aliona kwamba hakuonewa. Aliinua kichwa.

"Basi nieleze kitu kimoja. Kama watoto wake wako hivi, kwa nini yeye mwenyewe haugui? Miaka yote hii? Bila sumu?"

Yule mtafiti alikuwa mlangoni, akasema kwa upole kwamba labda ni kwa sababu mti uko peke yake, mbali na mingine, na hewa inapita vizuri. Dada akasema, "Labda." Lakini yeye alikulia kando ya mti ule. Alijua kwamba kutoka jikoni kwetu unaweza kurusha kijiko kikaangukia mbuni wa kwanza wa shamba.

Aliomba ruhusa akarudi nasi nyumbani siku ile ile. Jua lilikuwa bado lipo tulipofika, na baba hata hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko akaanza kuinua matawi ya Bi Mdogo, moja moja, kama anayemtafutia mtu kosa. Mke wangu alikuwa kwenye jiwe anasugua masufuria. Alitutazama nyuso.

"Zimekufa?"

"Zote," dada akamjibu.

Mke wangu akasuuza mikono polepole. "Wifi, mimi nilidhani unajua," alisema. "Wewe ndiye daktari."

"Najua nini?"

Ndipo akasema. Alipokuja kwetu bado bibi harusi, mama alimchukua nyuma ya jiko akamwonyesha. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alizunguka mti ule tawi kwa tawi. Buni yoyote yenye kidoa cheusi, hata kama kichwa cha sindano, aliichuma, akaitia kwenye kopo na kuimwaga motoni chini ya sufuria. Wakati wa mvua alifanya hivyo asubuhi pia. Mavuno yakiisha, aliondoa kila buni iliyokaukia mtini, hata zile za juu, akipanda kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alimwambia mke wangu, "Hata moja isilale hapa. Ikilala moja, kesho zitaamka mia." Alipougua, mke wangu akaendelea. Alikuwa amefanya hata asubuhi ile.

"Na muda wote huu umenyamaza?" nilimfokea. "Umetuona tunagombana mpaka majirani wanasikia, ukamimina chai?"

"Usinifokee," alisema. "Niliahidi. Mama alisema mzee anajivunia mti huu mbele ya wenzake, tusimtie aibu. Alisema, mwacheni na Bi Mdogo wake."

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi tuliishi katika nyumba ile miaka yote tukiona vyaelea, tukayasifu maji. Nilimwona mama mara nyingi jioni akizunguka mti na kopo, nikadhani anaokota vijiti vya kuwashia moto. Sikuwa na sababu ya kuuliza. Ilikuwa kazi ya jikoni.

Dada alikaa juu ya jiwe lile, nguo zikalowa, hakujali. "Mimi ndiye ninayelipwa kuujua ugonjwa huu," alisema. "Kidoa chake nakitambua hata kikiwa kidogo kiasi gani. Nimekula chakula kilichopikwa kwa moto wa buni zile, utoto wangu wote, na sijawahi kumwuliza mama anachoma nini." Akalia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi. Mke wangu alikaa kando yake wakashikana mikono, wifi na wifi, mimi nikasimama pale kama mtu aliyetumwa kitu akasahau. Tangu siku ile, mkulima akileta kituoni mbegu za mti usiougua, dada humwuliza kwanza ni nani anayeuhudumia. Akisema ni mkewe au mama yake, humrudisha akamlete.

Baba alikuwa nyuma ya matawi. Alisikia yote. Alipotoka hakumtazama yeyote, aliingia ndani na chakula chake kilipoa mezani.

Asubuhi tulipoamka alikuwa ameshachimba mstari wa kwanza wa mashimo, wote umenyooka kwa kamba kama msingi wa nyumba. Neno lake lilikuwa neno. Alinawa, akavaa lile lile koti la sherehe, akamwambia dada, "Twende. Wewe umezoea kuwapa watu habari hizi." Mimi nikafuata nyuma bila kualikwa.

Jirani wa bondeni hakutupa shida. Alisikiliza, akashukuru, akakiri kwamba kitalu chenyewe alikuwa amesahau kukimwagilia tangu wiki iliyopita. Baba nusura acheke.

Kwa Fundi Baiskeli haikuwa hivyo. Kitalu chake kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, kimeezekwa nyasi kavu juu ya miti, miche imejipanga kwenye vifuko vyake, kila mmoja na majani mawili ya mviringo. Alikuwa nje, gurudumu mapajani, grisi mpaka kwenye viwiko. Aliuona uso wa baba akaliweka gurudumu chini.

"Fundi," baba akasema, "nimekuja kukuharibia kazi."

Alimweleza yote. Hakutia chumvi na hakujitetea, na alipofika kwenye habari ya kopo na moto ikabidi aanze sentensi upya. Dada alimwonyesha kwa mkono jinsi shina linavyooza. Fundi Baiskeli alisikiliza akijifuta grisi kwa kitambaa, akifuta mahali pale pale.

"Nilisimama mbele ya watu," alisema mwishowe. "Nilikataa miche mbele ya ushirika mzima, kwa neno lako."

"Najua. Nitasimama nami, mbele yao hao hao."

"Kwa hiyo mkeo alikudanganya."

"Hapana," baba akasema. "Alifanya kazi, mimi nikausifu mti."

Fundi Baiskeli aligeuka akatazama kitalu chake. Mtu hawezi kutazama kazi ya namna ile na kukubali kwa dakika moja kwamba imekwisha. "Basi tufanye kama yeye," alisema, uso ukapata mwanga. "Kumbe dawa ipo! Tupande hii hii, halafu kidoa kikitokea tunachuma, tunachoma. Sumu hakuna, kampuni watanunua. Kama mwanamke mmoja aliweza, nini kitatushinda?"

Dada alitaka kumweleza. Baba akainua mkono kumzuia.

"Ule ni mti mmoja," alisema. "Mmoja, rafiki yangu. Ulimlia mke wangu jioni zake zote, tangu mwaka niliomleta nyumbani mpaka siku alipolala asiamke. Na mimi nilikuwepo, sikumwona. Wewe hapa una miche ya kujaza shamba zima. Niambie, hizo jioni utazitoa kwa nani?"

Mke wa Fundi Baiskeli alikuwa amesimama mlangoni tangu tulipofika, beseni la nguo kiunoni, akisikiliza. Aliweka beseni chini. Hakuuliza mtu. Alikuja mpaka kwenye kitalu, akainama kwenye mstari wa mbele, akaanza kung'oa.